Tangu Lini Mgawo Ukachaguliwa?

Dar es Salaam,
12 Februari 2006

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na mguu umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Rahabu na mtoto hawajambo, wanakusalimu sana. Wajina wako ametoa meno mawili na ameanza kutambaa, kila kitu kilicho chini anakitia mdomoni. Usishangae kuona naandika badala ya kupiga. Simu yangu imeharibika.

Dhumuni la barua hii ni kompyuta. Nimeipakia kwenye basi la Jumamosi, kondakta anaitwa Abdulrahmani, ataishusha hapo stendi karibu na duka lako la kuchapa. Ofisini wametugawia mashine za zamani, nami nikakukumbuka wewe. Uliniambia mkuu wa sekondari hataki tena mitihani ya stensili, na kwamba kufika Septemba usipokuwa na kompyuta, kazi yote ya shule ataipeleka kwa Hamdani, jirani yako mwenye kompyuta. Sasa unayo.

Ila shangazi, ndani haina kitu. Ilikuwa na Windows ya kunakili iliyojaa virusi, nikaifuta. Nataka utumie Linux, programu ya kuendeshea kompyuta ambayo ni ya bure na ni halali. Tatizo ni kwamba Linux si moja. Ziko distribusheni nyingi, yaani migawo, ndivyo anavyoiita rafiki yangu Chande anayesoma chuo. Fikiria makande. Mahindi na maharage ni yaleyale, lakini kila nyumba inapika kivyake, huyu anatia nazi, yule maziwa, mwingine chumvi tu. Kuna mgawo wa Fedora, wa Ubuntu, wa Mandriva na mingine. Kwa mtu anayeanza, wengi wanashauri aanzie Suse.

Chagua mgawo utakaokufaa, kisha unijulishe.

Mwanao,
Ernest


Same,
3 Machi 2006

Mwanangu Ernest,

Marahaba. Mimi sijambo, mguu ndio huohuo, unapona ukitaka. Nilipanda kijijini Vudee kufyeka kaburi la baba yako. Mahindi yote yamekauka yakiwa hayajafika magotini. Watu wanakula cha kununua, na asiye na cha kununulia anapita kwa ndugu kusalimia saa za chakula. Nashukuru kusikia Rahabu na wajina wangu ni wazima. Umwambie Rahabu aniandikie japo mistari miwili, tangu Krismasi yuko kimya, na si kawaida yake.

Kompyuta imefika. Abdulrahmani aliibeba kama mgonjwa. Nimeiweka mezani karibu na taipureta na kuifunika kitambaa cha kufumwa, wateja wanasifia kitambaa.

Sasa barua yako. Ernest, nimeisoma mara nyingi na kila nikirudia ndivyo inavyozidi kunipotea. Niliposoma "chagua mgawo utakaokufaa" nilifikiri unazungumzia umeme, maana siku hizi hakuna mgawo mwingine unaotajwa hapa. Nikajikongoja hadi ofisi ya umeme kuuliza kama ni kweli sasa mteja anaruhusiwa kuchagua mgawo wake. Nikamwambia yule kijana kwamba mimi naomba asubuhi. Akanitazama, akaniambia, "Mama, ungekuwa unachaguliwa, na mimi ningechagua." Waliokuwa kwenye foleni wakacheka wote. Nilitoka pale nikiwa nimekukasirikia.

Halafu nikaisoma tena nikaona ni mambo ya kompyuta, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Tangu lini mgawo ukachaguliwa? Unasahau shangazi yako alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la ushirika Vudee miaka ile ya foleni za sabuni. Mgawo unakuja. Zikija khanga, unapata khanga. Siku moja vilikuja viatu namba tisa vitupu, na kijiji kizima, wanawake kwa wanaume, wakavaa namba tisa. Hata mimi na kimo changu hiki. Hakuna aliyeniambia "Redempta, nipe mgawo mwingine." Na wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Kama makande ni yaleyale, mimi nachagua nini?

Kitu kimoja tu nimekielewa, pale uliposema pa kuanzia. Hapo nimekupata, na mguu ukipoa nitalishughulikia.

Jambo jingine. Duka letu lilipofungwa, sisi wafanyakazi tuligawiwa vitu. Mimi niliangukiwa na mizani, na hadi leo iko chini ya kitanda changu. Nimelikumbuka hilo tu ulipoandika kwamba ofisini mmegawiwa mashine. Kazini huko hamjambo?

Shangazi yako,
Redempta


Dar es Salaam,
30 Machi 2006

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku joto ni kali na umeme ni wa kubahatisha. Rahabu na mtoto hawajambo, wanakusalimu. Rahabu anasema atakuandikia, ni shughuli tu zimemzidi. Wajina wako anatambaa nyumba nzima.

Nisamehe kwa neno mgawo, ni la Chande, na hata yeye nilipomwambia habari za ofisi ya umeme alilifuta. Lakini hatujapata jingine. Ninachotaka kusema ni kwamba hapa hakuna anayekupangia. Zote ni za bure, zote zipo, wewe ndiye unayeamua. Najua ni jambo geni.

Umenifurahisha kusema umeelewa pa kuanzia. Anzia hapohapo, shangazi. Watu wa hapo ni wakarimu, ukikwama unauliza tu, wanakuelekeza bila malipo hata kama hawakujui. Kila kitu kimepangwa vizuri na mtu mzima hapati shida.

Mengine tutaongea tukionana.

Mwanao,
Ernest


Same,
24 Aprili 2006

Mwanangu Ernest,

Marahaba. Mvua zimeanza, sasa tunalalamikia matope. Mguu umevimba, na sababu yake ni wewe.

Nimekwenda Suji. Uliandika nianzie Suji, nami nimeanzia Suji. Mwanzoni nilijiuliza, Suji na kompyuta wapi na wapi, halafu nikaona ina maana. Wasabato wa kule walipata wamisionari na shule mapema, labda na hizi Linux waliletewa mapema. Na ni kwa wakwe zako, kwa hiyo nikasema kijana huyu ananituma kwa watu wake.

Nilipanda basi hadi Makanya, nikapata pikapu ya kupanda mlima, tumekaa juu ya magunia. Nikafika dukani, nikasalimia, nikasema nimekuja kwa ajili ya mgawo. Muuza duka akaniambia, "Pole mama, mahindi ya msaada yaliisha wiki iliyopita, na hata hivyo ni ya wenye majina ya hapa." Nikamwambia si mahindi, ni Linux. Akamuuliza mzee aliyekaa barazani, "Baba, unamjua mtu anaitwa Linaksi?" Mzee akafikiri sana. Akasema alikuwepo mzungu mmoja wa zahanati zamani, huenda ndiye, lakini alishaondoka na mkewe. Ulisema watu wa hapo ni wakarimu. Ni kweli. Walinizungusha kwa mkaguzi mstaafu, kwa fundi wa redio, na kwa mama mmoja mwenye cherehani ya umeme, wote wakanipa viti.

Mwisho nikasema nifike kwa wakwe zako, nisije nikaonekana nimepita mlangoni pao bila hodi. Mama mkwe wako alinipokea vizuri, ila uso wake ulibadilika kidogo. Akaita jikoni iletwe chai. Aliyetoka na birika aliponiona aliliweka chini, pale pale penye majani, akasimama. Sitamtaja jina, unalijua.

Nyuma yake alikuwepo mtoto ameshika khanga yake. Wewe umeandika anatambaa. Ernest, mtoto aliiachia khanga ya mama yake akanijia kwa miguu yake, akaanguka, akainuka, akafika. Ana meno sita.

Nilimuuliza yule wa birika, "Umefika lini, mwanangu?" Akasema, "Januari, shangazi. Aliniambia ni wiki mbili tu." Tukanywa chai, tukaongea habari za mvua. Alipokuwa akinisindikiza nilimwona anatazama njia yote ile ya kushukia, na moyo uliniuma, mwanangu, uliniuma sana.

Kwa hiyo Linux sikuipata. Nakuuliza tena nililokuuliza Machi. Kazini hamjambo? Mficha maradhi kifo humuumbua. Sikupigi kwa methali, nimeikumbuka tu.

Shangazi yako,
Redempta


Buguruni, kwa Chande,
9 Juni 2006

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za nyumbani safari hii sina.

Nimekaa na barua yako zaidi ya mwezi. Niliandika Suse, shangazi. S, U, S, E. Ni jina la Linux ya Wajerumani. Mwandiko wangu ndio uliokupandisha mlima, na mguu wako nauomba radhi. Nilipofika pale kwa mzungu wa zahanati nilicheka hadi Chande akaomba nimsomee. Nilipofika kwenye birika nilishindwa kumsomea.

Umeshaona. Ofisi ilibinafsishwa, aliyenunua alitaka kiwanja, sisi hakututaka. Mimi nilikuwa stoo, na siku ya mwisho niliangukiwa na kompyuta, kama wewe na mizani yako. Ulipoandika habari ya mizani nilijua umeshajua, ndiyo maana swali lako la kazini sikulijibu. Kuhusu salamu, nilikuwa nikijiambia kwamba Rahabu angekuwepo angekusalimu, kwa hiyo si uongo mkubwa. Sikujua mtoto ametembea. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata kazi.

Kurudi Same siwezi. Watu walinisindikiza hadi kwenye basi, nitashuka na nini?

Jingine ulijue. Nilikuandikia kama mtaalamu, lakini Linux nimeijua Januari hii hapa kwa Chande, nikiwa sina la kufanya. Anayeanza ni mimi. Ipi ni rahisi sijui, kila mtu chuoni kwao anasema yake na wanakaribia kupigana. Nakutumia mbili, kwa Abdulrahmani. Suse ni CD tano. Ubuntu ni bahasha moja yenye CD mbili, ya kujaribu na ya kuweka. Ile ya kujaribu inawaka yenyewe bila kugusa kitu ndani ya kompyuta. Usipoipenda unaitoa, basi.

Tafadhali chagua wewe. Mimi nilichochagua mwaka huu chote kimeharibika.

Ernest


Same,
1 Julai 2006

Mwanangu Ernest,

Marahaba, na pole. Nasema pole sasa kwa sababu sasa ndiyo umenipa nafasi ya kusema. Duka la ushirika lilipofungwa nilishuka kutoka Vudee na mizani kichwani mchana kweupe, watu wakinitazama. Walinitazama siku ile moja. Kesho yake walikuwa na mambo yao.

CD zimefika, na nimepata msaidizi. Ana vidole vyepesi na hasemi ovyo. Tulianza na Suse kwa kuwa ndiyo iliyoniua mguu, nikasema lazima inilipe. Inameza CD ya kwanza, inafikiri, inaomba ya pili, inafikiri tena. Tulipokuwa kwenye ya tatu umeme ukakatika. Ukarudi jioni, tukaanza upya, ukakatika tena palepale kwenye ya tatu. Kompyuta ikaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi, mengi, yote Kiingereza. Tuliyasoma kwa zamu na hakuna aliyeyaelewa. Inatuuliza kama tuna uhakika. Uhakika wa nini, haisemi.

Hamdani alipita kututazama. Ni mpinzani wangu lakini kijana ana adabu. Akasema, "Bi mkubwa, hii kitu noma. Kwangu nikibonyeza Start mambo yanakwenda. Hapa Start yenyewe iko wapi?" Nikamwambia aondoke, anatuongezea giza.

Niulizie kwa Chande. Printa ya mtumba niliyonunua tumeijaribu kwa ile CD ya kujaribu, inaguna tu, karatasi haitoki. Na je, mtu akikosea kuchagua, anaweza kurudi nyuma?

Shangazi yako,
Redempta


Buguruni,
22 Julai 2006

Shangazi,

Shikamoo. Napata vibarua vya kupakua mizigo, mgongo unauma lakini chakula kipo.

Chande anasema printa ichomekwe kwanza, ndipo kompyuta iwashwe, isiwe kinyume chake. Pia anasema ndiyo, mtu akikosea anaweza kurudi nyuma. Unafuta unaweka nyingine, kompyuta haina kinyongo.

Huyo msaidizi ni nani? Kama ni ndugu wa Hamdani, angalia asije akakuondolea wateja.

Shangazi, nimeandika Suji mara mbili na sijajibiwa. Hata mama mkwe hajibu. Nilimwambia Rahabu ukweli wote, kwamba natafuta chumba na nikipata nitamfuata. Amekasirika? Amechoka nami? Ukipanda tena, hata kama ni kwa kubebwa, mwangalie uniambie. Nikiona mtoto wa umri ule njiani nageuza uso.

Ernest


Same,
14 Agosti 2006

Mwanangu Ernest,

Marahaba. Salamu za nyumbani safari hii nimeziweka mwisho, utaona kwa nini.

Unaona maandishi haya. Hayakutoka kwenye taipureta. Printa imekubali, ilikuwa kama alivyosema Chande, mwambie nimemwekea kuku.

Tumechagua. Ni Ubuntu. Sikuichagua kwa sababu ni rahisi, maana sijui rahisi ni ipi, na bado kila siku kuna kitu kinachonipotea humu ndani. Jana kalenda ilijifungua yenyewe na hadi sasa hatujui ilitaka nini. Mimi nimeichagua kwa sababu ya umeme. CD ya kuweka ni moja, tukaiwasha umeme uliporudi, ikamaliza kabla haujaondoka. Msaidizi aliichagua kwa sababu ya bahasha. Imechorwa watu wameshikana, na maelezo yake yanasema jina hilo maana yake ni utu. Akaishika muda mrefu akasema, "Shangazi, tuweke hii." Hata rangi yake ni ya udongo, kama huu wa Same tunaofuta viatuni kila siku.

Mkuu wa sekondari alikuja, akasoma ukurasa wa kwanza wa mtihani, akaurudia, akatafuta kosa. Hakulipata. Mitihani ya kidato cha pili na cha nne yote iko mezani kwangu, na shule nyingine imeshatuma mtu kuuliza. Siiwezi kazi hii kwa mikono miwili ya kwangu na miwili ya msaidizi. Nahitaji mtu wa kuisikiliza hii mashine inapoongea Kiingereza, awe na mwandiko mbaya, maana hapa hataandika kwa mkono.

Unauliza kuhusu Suji. Barua zako zililala kule hadi mama mkwe wako alipopata mtu wa kushuka nazo, ndiyo maana hukujibiwa. Zimefika juzi. Zilikuwa zikimtafuta mtu ambaye hayupo Suji tangu mwezi wa sita. Nilimfuata mwenyewe kwa ileile pikapu, juu ya magunia yaleyale, nikamwomba kwa mama yake. Sikukuambia, kwa sababu na wewe ulikuwa na mambo yako ambayo hukuniambia, nikaona tulingane. Mizani nimeitoa chini ya kitanda, pale pamewekwa godoro dogo. Mara nyingine tunamkalisha mtoto juu ya mizani hiyo, anafurahi mshale ukicheza.

Umeniambia nichague, nami nimechagua, kwa mara ya kwanza katika uzee wangu. Sasa nami nakugawia. Mke, mtoto, na kiti kimoja mbele ya kompyuta. Huu ndio mgawo wako, Ernest, na tangu lini mgawo ukachaguliwa? Abdulrahmani anakusubiri Jumamosi, ameshaambiwa. Hutashuka mikono mitupu. Niletee karatasi za printa, zimeniishia.

Shangazi yako,
Redempta

Rahabu na mtoto hawajambo, wanakusalimu sana.
(Mstari huu nimeuchapa mwenyewe, Baba Redempta. Barua zako zote mbili nimezisoma. Njoo. R.)